Nilivyoandika wasifu wa Dk. Judith Sulzberger bila gazeti kummeza

Ukimtafuta Judith Sulzberger, daktari wa Kimarekani, utakachokutana nacho kwanza ni gazeti. Babu yake mzaa mama, Adolph Ochs, alilinunua The New York Times mwaka 1896. Baba yake akaja kuliongoza, kisha shemeji yake, kisha mdogo wake wa kiume, Arthur. Mimi nilikuwa namtaka daktari, nipate wasifu wa kuwasomesha wasichana wa sekondari ninaowafundisha baiolojia.

Nikapiga mstari katikati ya karatasi: kushoto gazeti, kulia udaktari. Kushoto kulijaa upesi. Kulia nilikuwa na mwaka wa kuzaliwa, 1923, na wa kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, 1949, basi.

Kilichonifungulia njia ni majina. Mama huyu aliolewa zaidi ya mara moja, na enzi zile mke aliandikwa kwa jina la mume. Nilipotafuta kwa Cohen, kisha kwa Levinson, habari zikaanza kujitokeza. Ile herufi P katikati ya jina lake, yaani Peixotto, nayo ilinisaidia kumchambua miongoni mwa akina Sulzberger, maana ni wengi kama utitiri. (Huyo Arthur dunia ilimjua kwa jina la Punch, na jina hilo alilipata kwa sababu ya dada yake: Judith kwa kifupi ni Judy, na Punch na Judy ni vikaragosi maarufu wa Kiingereza. Bosi wa gazeti zima, na lakabu yake imetoka kwa daktari! Hili sikuliacha.)

Palipokuwa pagumu ni bodi. Tangu 1974 hadi 2000 alikuwa mkurugenzi katika bodi ya kampuni ya gazeti. Nilishawishika kulificha hilo ili abaki daktari mtupu, lakini huo ungekuwa ujanja. Isitoshe, pale Columbia kuna kituo cha utafiti wa jenomu, yaani jumla ya DNA ya kiumbe, kilichopewa jina lake, tena pamoja na cheo chake cha udaktari, na kwa maoni yangu jina halifiki mlangoni pa kituo cha namna hiyo kwa stethoskopu peke yake. Kwa hiyo nikaanza na masomo yake, nikaendelea na kazi, na gazeti nikalipa aya moja tu, ya tatu.

Wasichana walipousoma, mmoja akauliza: "Mwalimu, ada ya Columbia alilipiwa na nani?"

Nikamwambia airudie aya ya tatu.