Farasi Aliyenipita Holne

Mzee alinionyesha mwanya kwenye ukuta wa mawe, upana wake kama mlango wa zizi la kwetu, akaniambia nisimame katikati na nisiondoke hata iweje. Lango lilikuwa limeng'oka bawaba, kwa hiyo lango ningekuwa mimi. "Wakija, nyanyua mikono tu. Usiwakimbilie." Akapanda pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa wawili wakarukia nyuma, ukungu ukawameza wote.

Ilikuwa Oktoba 2016, kwenye nyika ya Holne, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nilikuwa nasoma Plymouth. Mke wa Mzee nilikutana naye kanisani, na siku aliposikia kwamba nimezaliwa Endulen, Ngorongoro, kwa watu wa ng'ombe, alisema mume wake lazima anione. Jina la "Mzee" nilimpa mimi. Nilipomweleza maana yake alilipenda, tangu hapo hakutaka nimwite vingine.

Siku hiyo ilikuwa ya kuswaga farasi. Dartmoor ina farasi wadogo, kimo chao hakifiki bega la mtu mzima, wanaoishi nyikani mwaka mzima, mvua yao, theluji yao. Mgeni akiwaona atadhani ni wanyamapori. Kumbe kila mmoja ana mwenyewe, na kila vuli wafugaji wenye haki ya malisho hutoka kwa pamoja, wengine juu ya farasi, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu na mbwa wao, wakawateremsha mpaka zizini. Pale hutenganishwa kila mtu na wake. Watoto huachishwa kunyonya, wagonjwa hutazamwa, wa kuuzwa huuzwa, waliobaki hurudishwa juu. Kazi hii naijua. Tofauti ilikuwa mnyama na baridi.

Na baridi ile! Nilivaa koti la kuazima lililonuka mafuta ya kondoo. Mbele yangu kangaga zote zilikuwa zimekauka na kuwa na rangi ya kutu, zimelala upande mmoja kwa upepo. Vichaka vya miiba vilikuwa bado na maua ya njano hapa na pale, na kila mwiba umening'iniza tone la maji. Zaidi ya hatua thelathini sikuona kitu. Nilisikia kunguru mkubwa mahali fulani juu, na chini kabisa bondeni sauti ya mto Dart.

Hatua chache kutoka mguuni pangu ulipita mstari wa mawe yaliyofunikwa na nyasi, haufiki hata gotini, ukaenda moja kwa moja ukapotelea ukunguni. Asubuhi Mzee alikuwa ameniambia ule ni mpaka wa watu wa kale. Kwa miaka mingi watu walijua mistari hiyo ipo bila kujua ni ya nani, mpaka wanaakiolojia walipoichunguza miaka ya 1970 na kuthibitisha kwamba ni mipaka ya mashamba na malisho ya Zama za Shaba, umri wake zaidi ya miaka 3,000. Nyika nzima imekatwakatwa nayo. Kwenye nyika nyingine ya humo humo, Shaugh Moor, walipokuwa wakichimba walikuta udongoni alama za kwato za farasi wadogo za zama hizo hizo.

Nilikuwa nimekuja Uingereza na picha yangu ya neno "hifadhi". Kwetu hifadhi ya taifa ni mahali ambapo mtu hakai. Unaingia kwa tiketi, unatoka muda wake ukiisha, na ng'ombe akivuka mpaka anakamatwa. Sasa nilikuwa nimesimama katikati ya hifadhi ya taifa kulinda mwanya ili mifugo ya mtu isipotee. Ndani ya kilomita za mraba 954 za Dartmoor wanaishi watu kama 34,000. Wana vijiji, makanisa, shule, baa. Zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ni ardhi ya malisho ya pamoja: ardhi ina mwenyewe, sehemu kubwa ni ya milki ya mwana mkubwa wa mfalme tangu karne ya 14, lakini haki ya kulisha ni ya wafugaji, na inafuata mashamba yao kizazi hadi kizazi. Hata kule juu kunakoonekana kuwa patupu kabisa, mtu aliwahi kuchimba bati, kukata mboji, ule udongo wa mimea iliyooza unaowaka ukikauka, ya kuwashia moto, au kujenga daraja la mabamba ya mawe ili apitishe mizigo.

Nilikuwa nayawaza hayo niliposikia mtoto wa farasi akilia.

Sauti ilitoka kulia kwangu, karibu, nyembamba, sauti ya mnyama aliyepotezana na mama. Nikatoka mwanyani. Hatua tatu tu, nipate kuona. Mtu aliyelelewa na mifugo hawezi kusikia sauti ile akabaki amesimama, ingawa mtu aliyelelewa na mifugo ndiye pia anayepaswa kujua kwamba mlango hauachwi.

Walitokea wote kwa mpigo. Kwanza ardhi ilitetemeka, kisha vichwa, kisha kundi zima likishuka sambamba na ukuta, kama ishirini hivi, na mbele yao farasi jike mmoja wa kahawia iliyokolea. Alinikazia macho. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona nywele za paji la uso wake zimeshikana kwa maji na miiba, doa jeupe kati ya macho, na pengo dogo kwenye ncha ya sikio la kushoto. Pumzi yake ilitoka nyeupe. Nikanyanyua mikono, nikapiga mluzi wa kwetu, ule wa kumrudisha ng'ombe anayetaka kuvuka. Wale wa nyuma waligeuka wakaendelea kuufuata ukuta kama ilivyotakiwa. Yeye hakugeuka. Alipima nafasi niliyoiacha, akapita katikati yangu na nguzo, na mtoto aliyekuwa akilia akachomoka vichakani akamfuata. Mkia ulinigusa mkono. Kisha nikasikia kwato kwenye mteremko wa mtoni, halafu kimya.

Mzee alipofika nilimwambia kila kitu, na kwamba nilitoka mwanyani. Alizima injini.

"Yupi?"

Nikamweleza: rangi, doa, sikio.

"Huyo," akasema, kama mtu aliyetajiwa jirani. "Yule simtafuti leo. Kesho asubuhi nitakuonyesha alipo."

Zizini kazi iliendelea mpaka giza. Niliona watoto wa farasi wakitiwa alama, masikio yakikaguliwa, watu wakibishana kwa sauti ya chini juu ya yupi ni wa nani na kumaliza ubishi kwa kutazama sikio. Baba yangu angekaa pale siku nzima asichoke.

Usiku, mezani, Mzee alinieleza kwa nini hakuwa na wasiwasi. Mnyama wa Dartmoor ana eneo lake. Hakuna ua wala waya unaomfunga. Amefundishwa na mama yake, naye mama alifundishwa na wake: kijito hiki unywe, ukuta huu ujikinge na upepo, kinamasi kile usikanyage. Kondoo vivyo hivyo, na ng'ombe. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Devon, mkoa ilipo Dartmoor, jirani zake walichinjiwa makundi mazima. Fidia walilipwa, wakanunua kondoo wengine. Lakini wale wapya hawakuijua ardhi. Walitangatanga, wakashuka barabarani, na wenyewe walilazimika kukaa nao nyikani siku baada ya siku kuwafundisha mahali pao. Alipokuwa akisema hayo mke wake aliinuka akaenda kusimama dirishani.

Kisha Mzee akaniuliza habari za kwetu. Aliulizia ndege pia. Alikuwa amesoma kwamba kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya wenzake na ambaye Dartmoor humsikia kila Mei, hupitisha majira ya baridi kwenye misitu ya Kongo. Wataalamu walianza kuwafunga vifaa vya setilaiti mwaka 2011 ndipo wakajua. Nikamwambia Kongo ni jirani, si kwetu hasa, ila ninachoweza kumsimulia cha kwetu ni Moru.

Moru ni majabali ya graniti yaliyosimama kwenye tambarare ya Serengeti. Asubuhi ile nilipoyaona majabali ya Bench Tor juu ya bonde la Dart, kabla ukungu haujashuka, moyo ulinistuka kwa jinsi mawe yale yanavyofanana na yale niliyosimuliwa utotoni. Koko, bibi yangu mzaa baba, alizaliwa karibu na Moru. Ngao zilizochorwa na vijana wa Kimaasai kwenye mwamba wake, kwa rangi nyekundu na nyeupe, zipo mpaka leo na watalii hupelekwa kuziona. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 watu wa Moru walihamishiwa Ngorongoro. Koko alikuwa binti mdogo. Anakumbuka alitembea nyuma ya ndama.

"Hamsini na moja," Mzee akasema. "Sisi pia Hamsini na moja."

Ni kweli. Dartmoor ilitangazwa Oktoba 1951. Serikali ile ile, bunge lile lile lililopitisha sheria ya hifadhi za Uingereza mwaka 1949, ndilo lililokuwa na mamlaka juu ya Tanganyika. Wafugaji wa hapa waliandikiwa kwamba mandhari yao ni tunu ya taifa na wakaachwa waendelee kuyalisha. Wa kule walitakiwa kuhama. Nilimwambia hivyo, bila kupunguza. Hakujitetea. Alisema na wao siku hizi huja barua za kuwaambia wapunguze mifugo, kwamba vichaka vya maua ya zambarau vinakwisha, na yeye anaona vilevile kwamba ng'ombe wakipungua mno nyasi ndefu ngumu ndizo zinazotawala. Nilimsikiliza, na nadhani ana hoja, sawa na wanaohesabu mimea. Lakini sikuyaweka mambo hayo mawili kwenye mzani mmoja. Barua unaijibu ukiwa umekaa kwako.

Kulipokucha mbingu ilikuwa safi kabisa. Tulipanda kwa miguu, tukafuata ule mstari wa mawe wa kale, tukavuka kijito. Mzee hakutazama kushoto wala kulia. Tulipofika begani mwa kilima akasimama, akanielekeza kwa kidevu.

Palikuwa na duara la mawe, msingi wa nyumba ya Zama za Shaba, kipenyo chake hatua kama nane, mlango wake umeelekea kusini, mbali na upepo. Ndani ya duara alikuwa amesimama farasi jike wa kahawia mwenye doa jeupe. Mtoto alikuwa amelala kwenye nyasi, ubavu kwenye jiwe lililopigwa na jua. Mama aligeuza sikio lenye pengo kutusikiliza, akaendelea kula.

"Mama yake alikuwa akisimama hapo hapo," Mzee akasema.

Hatukuwaharakisha. Tuliwazunguka kwa upande wa juu, taratibu, wakaanza kushuka wenyewe.

Jioni nilimpigia Koko kupitia simu ya binamu yangu. Nilimweleza yote kwa Kimaasai, na neno hifadhi nikalisema kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo anavyolijua.

"Wanalala humo humo?" akauliza. "Na mifugo?"

"Humo humo, Koko."

"Na walinzi wanawaona?"

"Wanawaona. Wanawasalimia."

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nilisikia mbuzi nyuma yake, na mtu akifunga zizi.

"Yule mtoto wa farasi," akasema hatimaye, "ana rangi gani?"