Kichujio cha DNS ofisini huvujia wapi

Ofisi ndogo yenye kompyuta kumi au thelathini, iwe Kariakoo, Posta au Mikocheni, haihitaji mtambo wa mamilioni ili kuzuia tovuti za kitapeli. DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, ikiwa na kichujio inatosha kwa kuanzia, na ni bure. Shida ni kwamba mara nyingi huwekwa nusunusu, mwenye ofisi akalala usingizi akijua amelindwa, kumbe nusu ya maombi yanapita pembeni.

Tuchukue barua pepe inayojifanya imetoka TRA, imeingia tarehe 19, kesho yake ritani ya VAT inatakiwa. Jina la kweli huishia na tra.go.tz. La kitapeli huweka vistari palipo na nukta, kisha humalizia na kitu kingine kabisa, na mhasibu mwenye haraka hana muda wa kusoma herufi moja moja. Akibonyeza kiungo, kompyuta huuliza kwanza jina lile lina anwani gani. Hapo ndipo kichujio hufanya kazi. Quad9, huduma isiyo ya kibiashara yenye makao Uswisi, hutazama orodha ya majina mabaya yanayojulikana, na jina likiwamo hujibu kuwa halipo. Anwani zake ni 9.9.9.9 na 149.112.112.112. Cloudflare wana 1.1.1.2 na 1.0.0.2. Soma tarakimu ya mwisho vizuri: 1.1.1.1 haichuji kitu, na 1.1.1.3 huzuia pia tovuti za ngono.

Kosa ninalolipa uzito kuliko yote ni kuweka 9.9.9.9 kama DNS ya kwanza na 8.8.8.8 ya Google kama ya pili, "ikikwama hii tutumie ile". Windows haichukulii ya pili kama akiba ya siku ya dharura. Ya kwanza ikichelewa kujibu kwa muda wa kama sekunde moja, na laini zetu huchelewa sana saa za mchana, swali huenda kwa ya pili, nayo haichuji. Tovuti ileile inazuiwa saa tatu asubuhi na kufunguka saa saba mchana. Weka anwani zote mbili za mtoa huduma mmoja, basi.

Kama ofisi ina seva ya Active Directory, ile ya Windows inayosimamia akaunti za wafanyakazi wote, usiguse DNS za kompyuta za wafanyakazi. Ziache zielekee kwenye seva, la sivyo watu watashindwa kuingia na mafaili ya pamoja hayatapatikana. Kichujio kiweke kwenye seva yenyewe: fungua DNS Manager, sifa za seva, kichupo cha Forwarders (DNS ambazo seva huziuliza isichokijua), andika anwani mbili za Quad9. Papo hapo ondoa alama kwenye kisanduku cha kutumia root hints, yaani orodha ya seva kuu za DNS za intaneti. Ukikiacha, forwarders zisipojibu seva itatafuta jibu yenyewe kwingineko, na kichujio kimeisha.

Kwenye ruta, wazuie wanaoandika DNS yao kwa mkono. Kwa ruta za MikroTik, mstari wa pili hapa chini hurudisha kwenye ruta kila swali la DNS linalotoka ndani:

/ip dns set servers=9.9.9.9,149.112.112.112 allow-remote-requests=yes
/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=bridge protocol=udp dst-port=53 action=redirect to-ports=53

Rudia mstari wa pili kwa tcp, na badilisha "bridge" iwe jina la upande wako wa ndani. Kwenye kiunganishi cha faiba weka use-peer-dns=no, vinginevyo DNS za mtoa intaneti zitajichanganya humo. Sasa jambo la hatari: allow-remote-requests hufungua mlango wa 53 kwa yeyote, hata aliye nje. Zuia udp na tcp 53 zinazoingia kutoka upande wa intaneti, au ruta yako itatumiwa kushambulia wengine na laini itajaa bila wewe kujua sababu. Funga pia 853 kwa wanaotoka, mlango wa DNS iliyosimbwa. Kama laini inatoa IPv6, kumbuka sheria hizi ni za IPv4 tu. Zirudie upande wa IPv6 au uizime.

Hata hivyo kivinjari kinaweza kuuliza DNS ndani ya HTTPS, kwenye mlango wa 443, na ruta isione lolote. Mfanyakazi anahitaji kubonyeza mara mbili tatu tu kwenye mipangilio. Kwa Chrome, fungua Registry ya Windows (regedit), nenda HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, tengeneza thamani ya maandishi DnsOverHttpsMode na uiandikie off. Kwa Edge ni jina hilohilo chini ya Microsoft\Edge. Hakiki kwa kufungua chrome://policy.

Laptop zinazotoka ofisini ni habari nyingine. Umeme ukikatika, au faiba ikilala, mtu huwasha hotspoti ya simu na kuendelea na bando lake, na ruta yako haina tena la kusema. Kwa hizo, badala ya off andika secure, na kwenye DnsOverHttpsTemplates weka https://dns.quad9.net/dns-query. Kivinjari kitabeba kichujio popote kiendapo. Ila majina ya ndani ya ofisi hayatafunguka kwenye kivinjari hicho, kwa hiyo usiweke hivi kwenye kompyuta inayotegemea seva ya ndani. Ruta ya akiba ya laini ya simu nayo iwekewe DNS ileile siku ileile. Hiyo husahauliwa sana.

Yote haya hayana maana kama kila mtu anaingia kama Administrator. Mpe kila mmoja akaunti ya kawaida. Zuia pia viongezi vya VPN, ambavyo hupitisha mawasiliano pembeni ya kichujio, kwa sera ya ExtensionInstallBlocklist yenye nyota (*), inayozuia viongezi vyote. Bosi akilalamika, mkumbushe kuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN kuzisajili kufikia 30 Oktoba 2023, kwa hiyo kiongezi cha bure kisicho na mwenyewe hakina nafasi kwenye kompyuta ya kazi.

Kujaribu: kwa Quad9 fungua isitblocked.org, kwa Cloudflare malware.testcategory.com, baada ya kuendesha ipconfig /flushdns, amri inayofuta majibu ya DNS yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Zisipofunguka, kichujio kinafanya kazi. Tovuti halali ikizuiwa kimakosa, mafundi wengi hukimbilia kulinganisha nslookup (amri ya kuuliza DNS) ya 9.9.9.9 na ya 8.8.8.8. Ukishaweka ile redirect ya MikroTik, majibu yote mawili yanatoka kwenye ruta yako na yatafanana. Linganisha ukiwa kwenye data ya simu, au tafuta jina hilo kwenye ukurasa wa Quad9 wenyewe, nao wana fomu ya kuomba liondolewe.

Kichujio hiki hakioni ukurasa wa wizi uliotengenezwa ndani ya Google Forms, kwa kuwa jina ni la Google, wala kiungo chenye namba za IP tupu. Kwa hayo, sera ya Chrome ya kuonya dhidi ya kurasa hatari, SafeBrowsingProtectionLevel, iwe 1 au 2, isiwe 0.