Kwani wewe huna?

Siku sita sasa, na bado namsikia Mama. Nikiosha vyombo namsikia, nikiendesha gari namsikia. Maneno matatu tu.

Ilikuwa Jumamosi, huku Columbus, Marekani, saa saba mchana, kwao Tanga saa mbili usiku. Nilikuwa mezani na ile fomu niliyowasimulia, ya kuomba tawi letu la AFP, chama cha watu ambao kazi yao ni kuchangisha fedha za hisani, linilipie ada ya uanachama ya mwaka mmoja. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari ili mikono ipate kuandika.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hunitazami?"

"Najaza fomu, Mama."

"Fomu gani tena? Za uraia si umemaliza?"

"Hii ya chama cha wachangishaji. Naomba wanilipie ada."

Kimya. Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara mbili.

"Kwani wewe huna?"

"Ninazo, Mama. Ila tu..."

"Sasa kama unazo, unaombea nini?"

Halafu akahamia kwenye harusi ya binamu, nani kashona sare na nani kagoma, tukaagana vizuri kabisa.

Kinachoniuma si swali lake. Ni hilo "ninazo" langu. Maana wakati natamka neno hilo, mbele yangu kwenye kompyuta palikuwa na kisanduku kinachotaka nieleze kwa nini siwezi kujilipia, na nilikuwa nimeshaandika: ofisi yetu ina watu wanne na haina fungu la uanachama wa mfanyakazi, nikishalipa kodi ya nyumba na mlezi wa mtoto, zaidi ya dola 200 kwa mpigo sinazo. Kweli tupu, hadi senti. Watu nisiowajua sura nimewaambia sina. Aliyenizaa nimemwambia ninazo. Dakika ileile moja.

Jumatatu ruzuku ya kaunti ikapita, Jumatano nikafanya usaili wa uraia nikafaulu (nitaandika siku nyingine), Alhamisi mtoto akaamka na homa. Katikati ya yote hayo, mwiko na sufuria.

Na mimi kuomba ndiyo kazi yangu. Mwezi jana nilikaa jikoni kwa mwalimu mmoja mstaafu nikamwomba dola 500 za darasa la Kiingereza la jioni. Nilitaja kiasi, kisha nikanyamaza, kama tunavyofundishwa: ukishataja, funga mdomo, mwache mwenye mali aseme. Sikutetemeka. Nilikuwa nawafikiria akina mama wetu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wanaokuja darasani na watoto mgongoni hata theluji ikianguka. Kwa ajili yao naweza kugonga mlango wowote. Ile sentensi yangu mwenyewe niliiandika na kuifuta mara nne.

Uanachama wenyewe nautaka kwa sababu moja kubwa kuliko zote. Mnajua maneno yanayozunguka huku kwetu kila ukichangishwa msiba wa kusafirisha mwili: hela zimeliwa, aliyeshika daftari kakata chake. Hata mjomba aliniuliza kwenye futari, mbele ya watu, "Hizo unazochangisha, wewe unachukua asilimia ngapi?" Nilimwambia napokea mshahara, basi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeamua kutoniamini. Kumbe kanuni za maadili za AFP, zilizoanza mwaka 1964, zinakataza jambo hilohilo: mwanachama halipwi kwa asilimia ya alichochangisha, na mwaka hadi mwaka unaweka ahadi ya kuzifuata. Nataka niwe na karatasi hiyo. Nataka niiweke mezani, chini yake jina langu, mtu asome mwenyewe.

Kazi hii nimeirithi, wasomaji wa zamani mnafahamu. Mama alikuwa mweka hazina wa kila harusi ya mtaa wetu. Kaunta buku lenye uti mwekundu, mistari kapiga kwa rula: jina, ahadi, alichotoa, baki. Akienda kudai baki hakumwaibisha mtu. Anaanza na hali, anaulizia watoto, anakunywa chai yao, kisha anafungua daftari mapajani bila kusoma kitu. Mwenyewe unaliona jina lako. Nilikuwa namsindikiza na tochi.

Lakini mwaka ule Baba alipolazwa, daftari halikufunguliwa. Cherehani kikauzwa, kisha kabati la vyombo, na majirani wakaja kujua tulipokuwa tumeshamzika. "Tunazo," ndivyo alivyokuwa akiwajibu mlangoni. Nilisimama nyuma yake nikisikia.

Sasa jana usiku mdogo wangu akanitumia picha. Akaandika tu, "Dada, mwangalie mama yako." Ni lile kaunta buku, uti umeshonwa kwa uzi. Ukurasa mpya, mistari ya rula, mwandiko wa Mama umeanza kupinda. Juu kabisa kaandika jina langu, na chini yake: ADA YA CHAMA. Mama, 80,000, ametoa. Mdogo wangu, 20,000, ametoa. Shangazi, ahadi 30,000, baki 30,000. Ameshakwenda na kwa wakala wa simu pale kona kuuliza pesa inatumwaje Marekani na inakatwa kiasi gani, elfu themanini yake kaifunga kwenye pindo la kanga.

Niliikuza ile picha kwa vidole mpaka nikaona alama za kalamu zilivyozama kwenye karatasi. Nililia kidogo, kisha nikacheka peke yangu sebuleni, mtoto akageuka usingizini. Kwa jina la mtu wa nyumba yetu, ukurasa huo ni wa kwanza.

Leo asubuhi nimempigia.

"Mama, siku ile sikuwa nazo."

"Shangazi yako bado hajatoa," akasema. "Kesho nampitia."

Fomu nimeituma baada ya simu hiyo, kile kisanduku sikukigusa tena. Majibu mwisho wa mwezi.

Jirani yangu, bibi wa chumba cha chini, hajachukua barua zake tangu Jumatano. Kisanduku chake cha barua kimejaa, bahasha moja imechungulia nje na imelowa mvua. Nimegonga saa kumi, kimya, ingawa taa ya jikoni inawaka, na sikumbuki kama jana ilikuwa inawaka vilevile. Nashuka kugonga tena.