Bweni Linaloelea

Tangu Jumanne jioni kuna sentensi moja ya Neema ambayo imekataa kunitoka kichwani, na kwa kuwa inaninyima usingizi naona bora niiandike hapa, huenda ikapungua makali. Nilikuwa nimempa aisome karatasi niliyoiandaa kuhusu safari ya meli ya Desemba, ile ambayo wifi yangu wa Johannesburg alitualika na ambayo mmekwisha kuisikia hapa hadi mmechoka. Akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili kama nilivyomlea, halafu akasema kwa upole kabisa, "Kumbe ni bweni, Mama, ila hili linaelea." Akaenda kuosha vyombo.

Kwa wanaoijua kazi yangu ya uhasibu haitakuwa ajabu kwamba karatasi yenyewe ilikuwa jedwali. Wifi anataka watoto wake na wetu wazoeane kabla hawajawa watu wazima wa kukutana misibani tu, kwa hiyo niliona kuwa jambo la kwanza la kutazama katika meli si bwawa wala chakula, bali umri. Meli kubwa za starehe huwagawa watoto kwa miaka yao, na mgawanyo huo ndio unaoamua nani atashinda na nani. Kampuni ya MSC, ambayo huleta meli Durban wakati wa majira ya joto ya kule, ina klabu ya wenye miaka 7 hadi 11, nyingine ya 12 hadi 14, na nyingine ya 15 hadi 17. Carnival nao hukata mstari palepale, kati ya 14 na 15. Norwegian huwaweka pamoja wote wenye miaka 13 hadi 17. Sasa waweke watoto wetu hapo: mwezi Desemba Elia atakuwa bado na miaka 11, Thabo wa wifi ana 13, na Neema ana 15. Katika meli ya Durban kila mmoja anaangukia mlango wake peke yake, na Elia, ambaye sauti imeanza kumkwaruza na viatu vyake vinakaribia vya baba yake, angekaa na watoto wa darasa la pili wakijenga nyumba za Lego. Kwa Norwegian, Neema na Thabo wangekutana, lakini Elia angebaki na wadogo vilevile. Anatimiza miaka 12 mwishoni mwa Januari, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa, na umri unaotazamwa ni ule wa siku ya safari.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, nikaongeza na safu ya saa: saa za asubuhi, za mchana, za usiku, na nani yuko wapi. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Neema yuko bweni tangu kidato cha kwanza, sababu zake niliziandika hapa wakati ule, na bado nazisimamia. Lakini tangu Jumanne kila nikiitazama ile safu ya saa naiona kwa macho ya mtu anayeamshwa kwa kengele na kulala kwa kengele, mwaka mzima, ambaye amekuja likizo ya Juni akakuta mama yake amemwandalia ratiba nyingine ya Desemba.

Nimeirudia ile sentensi kwa sauti zote ninazozijua za mtoto huyu. Kama angeisema kwa hasira ningejua la kujibu, maana mtoto anayekasirika huacha mahali pa kumshika, ila anayesema kwa upole hana mpini. Jumatano niliamini kwamba ananilaumu. Alhamisi, tukiwa kwenye kikao cha kufunga ukaguzi wa hesabu za mwaka, niliamini alikuwa anatania, nikatabasamu peke yangu hadi mkaguzi mkuu akaniuliza kama kuna takwimu iliyonifurahisha. Ijumaa Baba Neema alirudi na barua ya uhamisho wa kwenda Tanga, tukaisoma, tukaiweka juu ya friji, nami nikarudi kwenye swali langu: aliposema "ila hili linaelea", je, alitabasamu? Sikumwona usoni. Nilikuwa nimeinamia mchicha.

Nilijaribu kumweleza Baba Neema, naye akaniambia kwamba tatizo la safari hii si sentensi ya mtoto bali vyumba, na kwa hilo ana haki. Msimu wa Durban mara nyingi huja na ofa inayovutia sana: mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili halipiwi nauli, hulipiwa kodi za bandari na ada ndogondogo tu. Ukiisoma haraka unaona familia ya watu wanne imesafiri kwa bei ya wawili. Ukiisoma kama mhasibu unagundua kwamba hicho chumba kimoja, ambacho mara nyingi hakifiki mita za mraba 20, kina vitanda viwili vya chini na viwili vinavyokunjuliwa ukutani au darini ikifika jioni, na choo kimoja ambamo mtu mnene hageuki. Binti mkubwa wa miaka 15 abadilishe nguo wapi, wakati baba yake na mdogo wake wamekaa vitandani wakisubiri? Kwetu jambo hilo halijadiliwi, hata kama huko baharini hakuna jirani wa kuona. Kwa hiyo ni vyumba viwili, mimi na Neema kimoja, Baba Neema na Elia kingine, na hapo ofa inayeyuka, kwa sababu katika kila chumba mtoto anakuwa abiria wa pili na abiria wa pili analipa. Vyumba vyenye mlango wa ndani wa kuunganisha vipo, lakini ni vichache na huwahiwa mapema. Vyumba visivyo na dirisha ndivyo vya bei ya chini, navyo vinatutosha, maana sijaona sababu ya kulipia kibaraza cha kutazamia bahari wakati sitaha nzima inatazama bahari bure. Juu ya hayo yote kuna bakshishi inayoongezwa kwenye bili kwa kila mtu kwa kila siku, kuna intaneti inayouzwa peke yake, na katika kampuni nyingi kuna soda ambazo hazimo kwenye nauli, jambo ambalo kwa Elia ni msiba.

Elia mwenyewe, ambaye maoni yake hayakuombwa, anataka Icon of the Seas. Ameniletea simu nitazame: meli iliyoanza safari Miami mwezi Januari 2024, yenye urefu wa mita 365, sitaha 20 na michirizi sita ya kuteleza majini. Nilimwambia kwamba kufika Miami tu kungemaliza fedha zote, tungeitazama hiyo michirizi tukiwa nje ya uzio wa bandari. Wifi alikuwa amependekeza pia Mediterania, kutokea Italia au Hispania, na hiyo niliifikiria kwa dhati kidogo. Lakini tungehitaji viza ya Schengen kwa kila mmoja wetu, na meli ikitia nanga nje ya eneo hilo, tuseme Tunisia au Uturuki, kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Afrika Kusini Mtanzania anayekwenda matembezi haombi viza, na hilo peke yake limeifanya Durban ipande juu ya jedwali. Zinabaki hati za kusafiria, shilingi 150,000 kila moja, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kisha basi la kupitia Namanga hadi Nairobi kupanda ndege.

Kutoka Durban meli hupanda kaskazini hadi pwani ya Msumbiji, ama Pomene iliyoko mkoa wa Inhambane, ama kile kisiwa kidogo kinachoitwa Portuguese Island karibu na Inhaca, kwenye ghuba ya Maputo. Kote kuwili meli haifungwi gatini. Inatia nanga mbali na ufuko, abiria wanashushwa kwa vyombo vidogo, na mawimbi yakiwa makubwa hakuna anayeshuka. Msimu wa vimbunga upande ule wa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na vingi huja kuanzia Januari hadi Machi, kwa hiyo hata kama shule ingemruhusu Elia tusubiri siku yake ya kuzaliwa, mimi nisingesubiri. Mama yangu wa Kibosho alipolisikia neno "wimbi" alikumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria, Mei 1996, akasema watoto wa mlimani wanatafuta nini majini. Nilimweleza kwamba meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio mwezi Januari 2012 na watu 32 wakafariki, wako abiria waliokuwa hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa, na kwamba tangu 2015 kanuni za kimataifa zinadai abiria wapya wafanye zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani atakayemshika Elia mkono wakati wa zoezi hilo. Nikamwambia Neema. Jibu lilinitoka bila kufikiri, na usiku nikaanza tena: kumbe hata mimi mwenyewe, nikitaka mtu wa kutegemewa, namtaja huyuhuyu anayeona naandaa bweni.

Jana mchana Babu alikuja kula. Mnakumbuka kwamba Baba mkwe alifanya kazi Kigoma miaka ile ambayo meli za maziwa zilikuwa chini ya Shirika la Reli, na kwamba hakuna mlo ambao Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, haikaribishwi mezani. Kwa kawaida watoto huondoka taratibu akianza. Jana alieleza jinsi ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaelea 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaopolewa 1924 na kupewa jina la Liemba mwaka 1927. Neema, aliyekuwa na simu chini ya meza akidhani simwoni, akainua kichwa akasema, "Babu, hao wa Papenburg bado wapo. Ndio walioiunda hii Norwegian Escape ya kwenye karatasi ya Mama." Akamsogezea simu. Ni kweli, ni kiwanda kilekile cha Meyer, na Babu aliitazama hiyo meli kwa muda mrefu, na miwani, na bila miwani, halafu akauliza kama inasimama Kalya, kituo cha Liemba.

Tulicheka sana. Akaendelea kutueleza kwamba katika vituo vingi vya Liemba hakukuwa na gati, mitumbwi ilikuwa inaifuata katikati ya maji, abiria wanashuka na mizigo na kuku na mananasi huku wengine wanapanda, wote kwa mlango mmoja. Nilipomwambia kwamba hata huko Pomene watu hushushwa kwa vyombo vidogo, alitaka kujua wanalipa kiasi gani kwa usumbufu huo, na nilipomtajia aliomba maji ya kunywa. Elia aliuliza kama kwenye Liemba watoto walikuwa na klabu yao. Babu akasema watoto walilala sitahani karibu na mama zao, wakubwa kwa wadogo, na waliokuwa wakitafutwa asubuhi walipatikana jikoni.

Baada ya Babu kuondoka Neema alikuja jikoni akiwa na jedwali langu na penseli. Hakuketi. Akauliza, "Mama, hii klabu ya miaka 15 hadi 17 inafungwa saa ngapi usiku?"

Nikamwuliza kwa nini anauliza.

"Nauliza tu. Na chumba chetu, mimi na wewe, kisiwe mbali nayo sana."

Nimekaa na hilo tangu jana, na naona aibu kusema jinsi lilivyonifurahisha. Siku zote hizi nilikuwa namtetea mtoto aliyeumizwa na ile karatasi, naye alikuwa anaisoma upya akitafuta muziki uko sitaha ya ngapi. Au huenda yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, maana ana miaka 15. Sijamwuliza kama ile sentensi ilikuwa utani, na sidhani kwamba nitamwuliza, kwa sababu akinijibu kwa upole tena nitahitaji wiki nyingine.

Kwa hiyo nimempigia wifi. Tunachukua safari fupi ya Pomene, katikati ya Desemba, vyumba viwili vya ndani vinavyopakana, mlango wa kuunganisha ukipatikana tushukuru. Chakula cha jioni ni meza moja, wote, zamu ya kwanza, na hilo halina mjadala hata kama klabu ina mashindano. Ile safu ya saa nimeifuta. Elia anaweza kwenda kujenga Lego au kukaa na Thabo kwenye meza ya tenisi iliyo wazi sitahani, ambako naamini hakuna anayeulizwa miaka yake, na Neema atarudi chumbani saa nitakayoitaja mimi, ambayo hataipenda. Wifi amefurahi, ametuma malipo ya awali ya upande wake, na ananidai majina kamili kama yalivyo kwenye hati za kusafiria, ambazo za watoto bado hazijaombwa.

Kinachonikosesha raha usiku huu ni ule mti wa mringaringa ulioko kwa Mama, Kibosho. Mama amepiga simu kusema kwamba umezidi kuegemea paa la jirani, kibali cha kuukata hakijatoka, na fundi wa msumeno anataka alipwe zote kabla hajagusa tawi. Jirani mwenyewe anarudi kutoka Dar es Salaam Jumamosi, naye si mtu wa kusubiri kibali.