Mkono wa Kulia

Jumapili jioni mwanangu alikuwa anacheza Just Dance, gemu ya kucheza muziki, mbele ya TV, simu yangu kaishika mkono wa kulia. Siku hizi huhitaji mashine ya gemu. Tangu 2014 simu yenyewe inageuka rimoti, mradi intaneti ipo. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Akaacha wimbo katikati, akaja mlangoni anahema.

"Mama, mama mdogo akija Jumamosi, na yeye anaweza kucheza hii?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Mwiko ulibaki umesimama kwenye sufuria.

Desemba 2011, Area C, Dodoma, sebuleni kwa mjomba. Binamu zetu walikuja likizo kutoka Uingereza, na ndani ya sanduku, katikati ya nguo, mlikuwa na Wii, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, na Just Dance yake. Sisi tulizoea gemu za kukaa chini na kubonyeza vitufe. Hii ulikuwa unasimama, unavaa kamba ya rimoti kwenye kifundo cha mkono isije ikakuponyoka, halafu unamfuata mchezaji wa kwenye TV kama unajitazama kwenye kioo. Mchezaji mwenyewe hana sura, ni kivuli cha rangi tupu, na mkono mmoja kavaa glavu. Chini kulia vinapita vikatuni vya kukuonyesha mtindo unaofuata. Ukipatia inaandika Perfect, ukikosea unapewa X. Mjomba alichomeka waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwenye TV ya chogo, na kile kifimbo cheusi kinachokaa juu yake akakibandika kwa plasta kisidondoke.

Siku tatu nyumba ile haikulala. Mjomba alicheza, mama alicheza, majirani walikuja na watoto wao. Hata bibi, aliyeletwa kutoka Chamwino kwa ajili ya sikukuu, alisimama akatikisa mabega Kigogo hasa, shanga zinaruka kifuani, na mashine ikamwandikia X juu ya X. Akairudisha rimoti, akasema huyo mtu wa kwenye TV hajafundishwa.

Mdogo wangu alikaa kwenye mkono wa kochi, mkongojo kaulaza mapajani, anatazama. Alikuwa na miaka 12. Maisha yake yote ngoma aliitazama. Kwenye harusi yeye ndiye aliyeshikishwa pochi na viatu vya wenzake. Kijijini watu wenye nia njema walimwambia basi apige, kama kucheza hawezi. Lakini ngoma za muheme, ngoma yetu Wagogo, wanapiga wanawake wakiwa wamesimama, ngoma wameibana katikati ya mapaja, na mguu wake wa kushoto haukuwahi kuwa na nguvu ya kubana kitu. Kwa hiyo alitazama. Nadhani hakuna mtu katika ukoo wetu aliyejua kutazama kama yeye.

Usiku wa tatu mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya sebule, mbawa zimetapakaa sakafuni. Binamu mkubwa akamnyooshea rimoti. "Na wewe jaribu." Mama akasema, "Mwache mwenzio apumzike." Mdogo wangu alikuwa keshaipokea.

Aliivaa ile kamba taratibu, akaikaza. Mkongojo akauegemeza ukutani. Hakusimama wima, aliegemea kochi kwa nyonga, mkono wa kushoto kashikilia mgongo wa kochi, wa kulia akauacha huru. Wimbo ukaanza.

Mkono ule bado nauona. Ulikuwa unapanda, unakata hewani, unasimama papo hapo, kama mtu anayekung'uta unga kwenye chekeche. Haukuchelewa hata mara moja. Sisi tulisubiri kikatuni kifike ndipo tuanze. Yeye mkono wake ulifika pamoja nacho. Perfect. Perfect. Perfect. Kiganja kilipogeuka, shingo iligeuka nacho, kisha bega, kisha kitu fulani mgongoni ambacho sikuwahi kukiona kwake, na ule mguu wa kushoto ukawa unagusa sakafu kidogo kidogo, kwa kidole gumba tu, juu ya mbawa za kumbikumbi. Mdomo ulikuwa wazi nusu. Hakututazama. Bibi aliacha kutafuna, akaanza kumpigia makofi yale ya kijijini, ya polepole, yanayoingia katikati ya mdundo. Mjomba akapiga mluzi. Alama zake zikapita za binamu, ambaye ndiye mwenye gemu.

Nyumba ikalipuka. Mama analia, anacheka, anafuta macho kwa kanga. Na mimi, miaka 15, nikasema kwa sauti iliyofika kila kona ya sebule ile:

"Lakini hii mashine haioni miguu. Inapima mkono wenye rimoti tu."

Ilikuwa kweli. Jana yake nilikuwa nimesimama kama mti, nikachezesha mkono peke yake, nikapata alama zilezile. Kipimo kimo ndani ya rimoti, kinahisi inavyokwenda na inavyosimama, basi. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilisema. Siku nyingine najiambia ni furaha ya mtoto aliyegundua jambo. Siku nyingine nakumbuka kwamba mimi alama zangu zilikuwa za nne.

"Kumbe," alisema mjomba. Makofi ya bibi yakaisha moja moja. Mdogo wangu alifungua ile kamba, akaiweka rimoti mezani bila kelele, akachukua mkongojo wake, akaenda kulala. Kesho yake wote tulikuwa tunacheza tumekaa kwenye makochi, tunatikisa viganja. Kufika mchana gemu ilikuwa imetuchosha.

Nilimwomba radhi mwaka 2020, mimi na yeye tumekaa nje tunachambua mlenda. Aliendelea kuchambua.

"Dada, mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Ile glavu niliiona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, mngekaa wote."

Hakuongeza neno, na mimi sikuweza kuuliza zaidi.

Kwa hiyo Jumapili, mwanangu akisubiri jibu mlangoni, maneno yalikuwa yameshafika ulimini: ndiyo mwanangu, anaweza, maana inahesabu mkono tu. Nikageuza ugali.

"Muulize mwenyewe akija," nikamwambia. "Na simu uiache na chaji."