Siku moja maishani mwangu: shafti ya milimita 30 na viungo vyake

Saa 2 asubuhi
Nafungua asembli ya giaboksi, yaani faili inayoonyesha vipande vyake vikiwa vimeunganishwa, na programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta inalalamika kwamba haioni faili ya kifuniko. Faili ipo. Mwenzangu aliibadilisha jina jana jioni kwenye folda, nje ya programu. Asembli haibebi vipande ndani yake: imeshika anwani ya kila faili, mahali kipande kilipokaa, na masharti yanayokifunga na jirani zake. Jina likigeuzwa kimyakimya, inabaki kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Naielekeza kwenye jina jipya, nahifadhi, namwandikia: "Kaka, majina tuyabadilishe tukiwa ndani ya programu, asembli ikiwa wazi. Hapo anwani zinajirekebisha." Anajibu kwa dole gumba.

Saa 3
Naona faili mbili tofauti zinazoitwa "sahani", kila moja kwenye folda yake. Hilo siliachi. Programu yetu ni SolidWorks, nayo ikitafuta "sahani" ikakuta "sahani" nyingine tayari iko wazi, huchukua hiyo hiyo. Ndiyo maana napenda majina ya namba. Hayana mvuto, ila hayagongani.

Saa 4
Hapa ndipo siku inapoishia. Mahesabu mapya yanataka shafti, fimbo ya chuma inayobeba gia, itoke kipenyo cha milimita 25 iwe 30. Kwa asiyejua, ni kubadilisha tarakimu tu. Lakini beringi, pete inayoishika shafti ikizunguka, ni ya namba 6205 na ina tundu la milimita 25, kwa hiyo inaondoka na kuja 6206, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 62 badala ya 52, na upana 16 badala ya 15. Tundu la nyumba ya beringi (kasha inamokaa) linapanuka, ukuta unakonda, boliti zinasogea nje, kifuniko kinafuata. Viungo, yaani vipimo ambavyo faili moja husoma kwenye nyingine, vikiwa vimepangwa vizuri, haya yote hujiendea yenyewe.

Leo hayaendi. Kifuniko kilichukua kipenyo chake kwenye nyumba, na nyumba nayo ikachukua matundu ya boliti kwenye kifuniko. Kila kimoja kinamsubiri mwenzake, na kila nikisasisha vipimo vinacheza. Mzunguko wa namna hii hauponi kwa kubofya kusasisha tena na tena. Navikata viungo vyote viwili, nachora mchoro mama katika faili yake peke yake: mhimili wa shafti, kipenyo cha beringi, duara la boliti. Sasa nyumba na kifuniko vinasoma hapo tu, havisomani tena. Wapo wanaoona faili hii ni kujiongezea kazi. Mimi asembli isiyo nayo siiamini, hasa ikiwa vipimo bado vinabishaniwa.

Saa 8 mchana
Masharti. Kipande kilicho huru kina miendo 6: kusogea njia 3, kuzunguka njia 3. Kulinganisha mhimili wa shafti na wa beringi huondoa 4, na kugusisha bega la shafti kwenye uso wa beringi huondoa mmoja. Unaobaki ni kuzunguka, na shafti isiyozunguka ni nondo tu. Kuna mtu ameongeza sharti la kuuzima. Nalifuta, gia zinazunguka.

Saa 10 jioni
Kufungasha. Fundi wa mashine namtumia faili ya STEP, aina inayosomwa na programu nyingi, maana anachohitaji ni umbo, si historia ya jinsi lilivyochorwa. Mteja anataka faili zenyewe na viungo vyake, kwa hiyo natumia amri inayokusanya asembli pamoja na faili zote inazozitegemea, kisha nafungua kifurushi kwenye kompyuta nyingine isiyofika kwenye folda zetu. Kama nilivyoshuku, boliti hazipo: zinatoka kwenye maktaba ya vipande sanifu, na maktaba hiyo haijumuishwi mpaka uitie tiki. Natia tiki, nafungasha upya, najaribu tena. Boliti zote zipo. Natuma saa 11 kasorobo.