Bembelezi la Edo na pedali ya katikati

Ilikuwa Juni, Hamamatsu, mji wa Japani wenye makao ya Yamaha na Kawai, watengenezaji wa piano, mvua za tsuyu, msimu wa mvua wa huko, zikinyesha tangu asubuhi. Jumapili ile wanafunzi wa piano walikuwa na mazoezi ya mwisho kabla ya happyokai, onyesho lao la mwaka. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha kiti na kuwafungia wadogo sanduku la pedali, lile linaloinua pedali ili miguu mifupi izifikie.

Wa nne kupanda alikuwa binti wa miaka 7. Alipiga Edo komoriuta, wimbo wa kubembelezea mtoto wa tangu Tokyo ilipoitwa Edo. Mwalimu wake alikuwa ameupangia piano kwa mkono, ukurasa mmoja, mizani 24. Mkono wa kushoto una mi na ti pamoja, chini ya do ya kati, zikirudiarudia kama bembea. Wa kulia una wimbo wenyewe, noti tano tu: mi, fa, la, ti, do. (Sisi tuliolelewa na tonic solfa za kwaya, ambamo do huhama na wimbo, hutegwa hapo. Kwa wapiga piano hawa wa Japani do haihami, ni C siku zote.)

Noti ya kwanza ikalia kama mtu anagonga mlango, na ya pili vilevile. Katika maneno ya wimbo, yaya amevuka mlima kwenda kwao, na zawadi atakayoleta ni kingoma cha mtoto na filimbi. Basi kingoma kilishafika, mtoto hajalala.

Sababu ilikuwa nyumbani kwao. Walikaa ghorofani, kuta nyembamba, na piano yao ya kusimama ilikuwa na pedali ya katikati, ile inayoteremsha pazia la kitambaa kinene kati ya nyundo na nyuzi. Ukiikanyaga na kuitelezesha pembeni, inajifunga na kubaki chini. Mama yake alikuwa ameifunga miezi mitatu mfululizo. Kidole kinachopigia kitambaa hujifunza kutumia nguvu ili kisikie chochote. Kikiletwa kwenye piano kubwa ya jukwaani, isiyo na pazia, nguvu ile yote inafika kwenye uzi.

Mwalimu akamwambia, "Laini zaidi." Hapo likazuka tatizo la pili, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi: noti zikaanza kupotea. Mi ya kushoto ilipotea mara nne, na bembelezi likabaki halina sakafu.

Mtu mmoja akalaumu unyevu. Halikuwa wazo baya, kwani msimu ule mbao na vitambaa vya ndani huvimba, kitufe kikawa kizito au kikakwama. Fundi akakanyaga pedali ya kulia ili vizuizi vya sauti, vile vinavyozima nyuzi, viinuke, akaweka uzani wa gramu 50 kwenye ncha ya kitufe cha mi. Kikashuka taratibu. Alipouondoa kikapanda chenyewe. Mvua ikaachiwa huru.

Kitufe cha piano hushuka milimita 10 hivi. Karibu na chini, nyundo ikiwa imebakiza milimita 2 hivi kuufikia uzi, mtambo huiachia, na kipande kilichobaki inaruka yenyewe. Ukibonyeza polepole mno, nyundo inaachiwa haina mwendo, inarudi bila kugusa. Na mi ile ilikuwa ya kidole kidogo, kilicho dhaifu, huku ti ikipata kidole gumba. Lazima mi itangulie kupotea.

Mwalimu akaacha kusema "laini". Akamwagiza abonyeze mi na ti mara tano bila sauti, polepole, mpaka ahisi kile kifundo kidogo karibu na chini. Kisha apige vidole vikiwa tayari vimelala juu ya vitufe, visidondoke kutoka hewani, mkono uelemee kidogo upande wa kidole kidogo. Mara ya sita mi ilisikika, ndogo na kamili.

Ikabaki pedali ya kulia, ile inayoacha noti ziendelee kulia. Fa ilikuwa ikilia juu ya mi iliyobaki hewani, na noti mbili zilizokaribiana hivyo zikishikwa pamoja huwa tope. Mtoto alikuwa anabadilisha pedali mahali sahihi. Kosa lilikuwa langu. Fimbo ya sanduku ilikuwa imekazwa mno, pedali haipandi yote mguu unapoinuka. Nikalegeza skrubu mpaka pedali ikapanda yote, halafu nikaongeza robo mzunguko, kwa sababu ukikaza kupita kiasi vizuizi havishuki kabisa na piano nzima inavuma.

Akapiga tena, mizani zote 24. Noti moja ya la ilitoka kubwa kuliko wenzake, basi.

Mama yake akauliza afanyeje na majirani. Mwalimu akamjibu kwamba pazia libaki wakati wa kujifunza noti, ila dakika 10 za mwisho, kabla ya chakula cha jioni, pedali ifunguliwe. Mama akaandika "10" kwenye kona ya karatasi.

Nikaliondoa sanduku. Aliyefuata alikuwa na miaka 12 na miguu yake ilifika chini. Alishika mkononi vile vipande viwili ambavyo Toru Takemitsu, mtunzi wa Kijapani, aliwaandikia watoto mwaka 1978.